Mstari Ambao Sikuuandika Kwenye Daftari la Trekta

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumanne ya wiki ya mwisho ya Septemba, jembe la trekta la ushirika wetu lilipokataa kunyanyuka kutoka udongoni. Nataka mjue tangu hapa, kabla sijaeleza lolote: kosa lilikuwa langu. Si la dereva. Langu! Na nilimwacha mtu mwingine alibebe kwa miezi mitano.

Silitaji jina langu, na la dereva nimelibadilisha. Nimwite Vianney. Mimi nina miaka hamsini na mbili, naishi upande wa Gahanga, pembeni mwa Kigali, nilizaliwa na kukulia Bujumbura kabla familia yetu haijarudi Rwanda. Shule niliiacha mwaka wa nane. Yote ninayoyajua kuhusu mashine nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya Kifaransa vilivyochakaa na kwa kufungua vitu na kuvifunga tena.

Ushirika wetu wa mahindi una wanachama arobaini na mmoja na trekta moja tu, jekundu, ambalo umri wake haupishani sana na wangu. Mimi ndiye niliyelitunza. Wanachama waliniita Injinia. Wengine kwa heshima, wengine kwa utani, na mimi nilijifanya sioni tofauti.

Sina cheti hata kimoja. Badala ya cheti nilikuwa na daftari. Kila lita ya oili iliyoingia kwenye trekta lile, kila bolti iliyokazwa, niliandika tarehe, saa, na aliyefanya. Watu waliliamini daftari lile kuliko walivyoniamini mimi.

Niwaeleze mashine kwa ufupi, maana bila hivyo hamtaelewa dhambi yangu. Katika trekta lile oili ya haidroliki inakaa tumboni, chini ya kiti cha dereva, pamoja na oili ya gia. Pampu imezama humo humo. Inavuta oili kupitia chujio dogo la waya, inaisukuma juu, na msukumo huo ndio unaonyanyua mikono miwili ya nyuma inayobeba jembe. Oili isipofika kwenye pampu, jembe halinyanyuki. Ni hayo tu.

Mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, oili ilikuwa ikivuja kidogo chini ya kifuniko kikubwa kinachoziba tumbo hilo kwa juu. Tulikifungua. Vianney alinisaidia kukibeba, maana ni kizito. Katikati pale huwa kuna gasketi ya karatasi, ya kuziba mwanya. Kitabu kinasema karatasi, na kimepiga mstari chini ya neno hilo. Lakini gasketi ya trekta la umri ule lazima iagizwe, na mimi sikutaka kusubiri wiki mbili. Nikanunua mrija wa gundi ya silikoni nyekundu kwenye duka la vifaa, nikaipaka kuzunguka ukingo wote, nene kama kidole.

Nilijua haitakiwi! Silikoni nyingi ikibanwa inajitokeza kwa ndani. Oili ikipata moto, silikoni inalegea, vipande vinakatika na kuanguka tumboni. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo kwa macho yangu. Nikajiambia, safari hii tu.

Daftarini niliandika: "Kifuniko kimefunguliwa na kufungwa. Hakivuji tena." Silikoni sikuiandika.

Sasa turudi kwenye ile Jumanne.

Vianney aliponipigia simu nilikuwa stoo. Nikashuka bondeni kwa pikipiki, nikamkuta amesimamisha trekta katikati ya shamba, jembe limezama. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Bugesera na mbegu zilikuwa tayari kwenye ndoo. Akina mama kama kumi na watano walikuwa wamesimama kando, wamejishika viuno.

"Injinia, limeshiba!" mmoja akapiga kelele. "Liache lipumzike!"

"Si kushiba," akajibu mwingine. "Limesikia kwamba sasa ni zamu ya shamba ya Mama Fifi. Hata miye ningekataa."

"Mulinionea wivu tangu zamani," akasema Mama Fifi mwenyewe, na wote wakaangua kicheko.

Vianney hakucheka. Ni mtu wa miaka thelathini na tano hivi, mpole, mwenye mikono mikubwa. "Muzee, sikiliza," akasema. Akaongeza moto wa injini. Pampu ikalia sauti nyembamba, ya juu, kama birika linalochemka. Mikono ikapanda shubiri moja, ikatetemeka, ikashuka.

Nikatoa daftari, nikaandika: saa 3:20, jembe halinyanyuki, pampu inalia.

"Lakini muzee, iko kitu," Vianney akaendelea. "Nikizima nusu saa, nikawasha, inanyanyua vizuri. Dakika chache tu, halafu inaanza kulia. Sasa nauliza. Pampu yenye imekufa, inapumzikaga?"

Jamani! Mtu huyu alikuwa amekwisha kuipata sababu. Hakusoma kitabu chochote, lakini alikuwa ameipata! Chujio likiziba ndivyo inavyokuwa. Ukizima injini, uchafu unadondoka kutoka kwenye waya, oili inapita kidogo, kisha uchafu unavutwa tena na pampu inabaki na njaa. Pampu iliyokufa haipumziki ikafufuka.

Na mimi mpangilio wa kutafuta tatizo nilikuwa nao kichwani, nimeunakili mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwanza kipimo cha oili. Halafu rangi yake na mapovu. Halafu chujio. Halafu kama bomba la kuvutia linaingiza hewa. Pampu ni ya mwisho kabisa, kwa sababu ni ghali na mara nyingi haina hatia.

Nikachomoa kijiti cha kupimia: oili imejaa. Nikaisugua kati ya vidole: safi, haina povu. Kilichofuata kilikuwa chujio. Na kulifikia chujio ni lazima kukinyanyua kile kifuniko.

Hapo nikaikumbuka silikoni. Sikuwa na hakika, nawaapia, lakini nilihisi. Na wale akina mama kumi na watano walikuwa wananitazama, wanangoja Injinia aseme.

"Wiki iliyopita uliongeza oili," nikamwambia Vianney. "Uliitia kwa chombo gani?"

"Bidoni, lile dumu dogo la plastiki. Lita tano. Nilikwambia ukaandika, muzee. Lile kopo kubwa halifikagi pale kwa mdomo."

"Bidoni ya njano?"

"Ya njano, lakini niliiosha. Na oili ilikuwa mpya, nilifungua mbele yako."

"Ulichuja kwa kitambaa?"

"Hapana."

"Basi," nikasema, na nikahakikisha sauti inafika hadi kwa akina mama. "Pampu imekufa. Imekula uchafu wa bidoni."

"Muzee, lakini ikipumzika..."

"Weye endesha. Kufikiri niachie miye."

Akina mama wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Nikafunga daftari. Yale aliyoniambia kuhusu kupumzika sikuyaandika.

Prezida wa ushirika ni mwanamke ninayemwita hapa Mama Solange. Si mtu wa maneno mengi. Alisoma ukurasa wangu, akauliza swali moja tu: "Una uhakika?" Nikasema ninao. Siku mbili wanachama walichangishana, wengine kwa kukopa. Alhamisi nikaenda Gatsata kwenye maduka ya vipuri, nikarudi na pampu mpya na oili mpya. Vyote pamoja, faranga laki tano na elfu ishirini.

Ijumaa nilijifungia stoo peke yangu. Niliwaambia watu sitaki vumbi. Nikamwaga oili, nikafunga mnyororo wa kunyanyulia kwenye boriti, nikakipandisha kile kifuniko taratibu.

Silikoni yangu ilikuwa imening'inia ukingoni kwa ndani, na mahali pengi palikuwa na mapengo. Nikashusha taa. Chujio lilikuwa limefunikwa lote na nyuzi nyekundu, zimejikunja na kushikamana kama nywele kwenye tundu la bafu. Hapakuwa na mchanga wala udongo wa bidoni. Nyekundu tupu!

Nikaitoa ile pampu ya zamani, nikaizungusha kwa mkono. Ilikuwa laini kama siku ya kwanza. Haikuwa na kosa lolote.

Nilikaa juu ya tairi muda mrefu. Msidhani sikujua la kufanya. Nilijua. Ilinitosha kufungua mlango, nimwite Mama Solange, nimwonyeshe. Pampu ingerudishwa dukani, haikuwa imewekwa bado. Watu wangepata pesa zao. Vianney angecheka, angenitania wiki moja, basi.

Lakini niliwaza: fundi mwenye cheti akikosea, watu wanasema amekosea. Mimi nikikosea, watasema tulijua tu. Miaka kumi na tisa nimejenga jina kwa kusoma usiku na mchana, nilibomoe mwenyewe kwa mrija wa silikoni? Nikawaza pia kwamba Vianney kweli hakuchuja ile oili. Nililishika jambo hilo dogo la kweli, nikajifunika nalo.

Nikazikusanya zile nyuzi, nikazifunga kwenye gazeti, nikazitupa chooni. Nikaosha chujio kwa petroli. Nikakata gasketi ya karatasi kwa mkono wangu, kama nilivyopaswa kufanya tangu Agosti. Nikafunga pampu mpya. Upande wa gia, ambako vipande vingine vilikuwa vimeanguka, sikuufungua. Kuufungua na kuuosha wote ni kazi ya siku mbili na watu wawili, na huyo wa pili angeuliza kwa nini.

Jioni jembe lilinyanyuka bila hata kutetemeka. Watu walinipigia makofi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Tulizibua mitaro hadi saa tano, kisha kama kawaida ushirika ukakaa mkutano pale pale barabarani, majembe na sepetu miguuni. Mama Solange akalisoma daftari langu kwa sauti. Kila neno lililosomwa lilikuwa la kweli. Lita tano, bidoni ya njano, haikuchujwa. Ukisikiliza ungedhani hakuna kilichokosekana.

Wasio wa kwetu labda hawajui desturi yetu. Mtu akiwakosea wenzake, kulipa tu hakutoshi. Anasimama mbele yao, anasema kosa kwa mdomo wake, anaomba msamaha, na analeta kinywaji ambacho aliyekosewa anakunywa pamoja naye. Kwa Kinyarwanda tunakiita icyiru. Mkishakunywa, neno limekwisha. Na mtu anayeng'ang'ania kwamba hana kosa, wakati kila mtu ameona kosa, huyo anaonekana ana kiburi, na mwenye kiburi hapewi trekta la watu.

Vianney alikuwa na mke, mtoto wa shule na nyumba ya kupanga. Alisimama. Pembeni yake alikuwa ameweka kibuyu kikubwa cha urwagwa, pombe ya ndizi.

"Miye sijui kama ni bidoni," akasema. "Niliiosha. Lakini daftari inasema ni bidoni, na muzee hajawahi kuandika uongo. Basi nakubali. Munisamehe." Akanigeukia. "Muzee, nisamehe. Nilikupa kazi ya bure."

Akanimiminia mimi kwanza. Akanipokeza kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa baba yake.

Ningeweza kusema hapo! Kilikuwa kikombe tu, ningekiweka chini, nikasimama. Watu arobaini walikuwa wananingoja. Nikanywa. Nikasema, "Nimekusamehe."

Nimewahi kufanya mabaya mengine maishani, lakini hilo neno moja ndilo ninalolisikia hadi leo nikiwa nanyoa ndevu, nikiwa barabarani, nikiwa kanisani. Nilimsamehe mtu kosa langu!

Mkutano uliamua Vianney alipe nusu ya gharama, elfu sitini kila mwezi kwenye mshahara wake wa laki moja na elfu kumi. Kwa sheria ya desturi neno lilikuwa limekwisha. Lakini midomo haikufungwa. Wakaanza kumwita Bidoni. "Bidoni, umeamkaje?" "Bidoni, leo umejichuja?" Kwanza alikuwa anacheka nao. Oktoba alicheka. Novemba hakucheka tena.

Mwisho wa Novemba akaja stoo, akaniwekea ufunguo wa trekta mezani.

"Naenda, muzee. Elfu hamsini haifiki nyumbani."

"Unaenda wapi?"

"Kabuga. Iko kazi ya kupakua magari." Akafika mlangoni, akageuka. "Ile bolti ya kiti upande wa kushoto inalegea. Mwambie yule atakayekuja aikaze, asije akaanguka."

Nilibaki nimesimama na kalamu mkononi. Tangu siku hiyo sikuandika kitu kwenye daftari. Mke wangu aliliona kabla yangu. "Mbona siku hizi huandiki?" akaniuliza. Nikamwambia macho yananiuma. Uongo mwingine huo!

Februari, msimu wa pili wa kupanda, tulikuwa na dereva mpya, mtu wa makini, anachuja oili kwa kitambaa mara mbili. Siku ya tatu ya kulima pampu ikaanza kulia. Sauti ile ile ya birika. Mikono ikapanda shubiri, ikatetemeka, ikashuka.

Nilijua kabla sijafika shambani. Vile vipande vilivyobaki upande wa gia, ambavyo sikuviosha kwa kuogopa kuulizwa, vilikuwa vimehama na oili hadi kwenye chujio. Na dereva mpya hakujua maana ya ile sauti, aliendelea kulazimisha saa nzima. Pampu mpya ilikuwa imekauka na kujikwaruza. Safari hii iliharibika kweli.

Mama Solange alikuja mwenyewe bondeni. Alisimama karibu na gurudumu, akanitazama.

"Vianney ako Kabuga," akasema. "Sasa hii ni bidoni ya nani?"

Hakuna aliyecheka. Na niwaambie jambo la kutisha: jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni. Duka lilituuzia oili mbaya. Lilikuja lenyewe, bila kulitafuta, zuri kabisa, na wangeliamini. Nikaogopa. Sikuogopa kugunduliwa. Nilijiogopa mimi mwenyewe.

"Nipe hadi kesho, Mama Prezida," nikasema.

Nikapanda basi hadi Kabuga. Nilimkuta Vianney nyuma ya soko, juu ya Fuso, anashusha magunia ya mihogo. Aliponiona akajifuta uso kwa mkono.

"Injinia! Umekuja kununua mihogo?"

"Nimekuja kukuona weye."

"Basi niangalie. Ni bure."

Alishuka. Tulisimama kwenye kivuli cha lori. Nikamweleza yote, kwa mpangilio, kama ningeandika: silikoni, kifuniko, nyuzi nyekundu, gazeti, choo. Nilipomaliza alikuwa anatazama mikono yake.

"Ile silikoni ya Agosti," akasema. "Si nilikubebea kifuniko ukiwa unaipaka?"

"Ndiyo."

"Nilijua si miye, muzee. Siku zote nilijua si miye. Sikujua ni weye."

Nikaanza kusema habari ya pesa, kwamba nitamrudishia kila kilichokatwa na mishahara aliyokosa. Akainua mkono.

"Pesa utaleta, sikatai, nina shida nazo. Lakini unajua mtoto wangu wanamwita nani shuleni? Yuko mwaka wa pili. Wanamwita Kabidoni. Tumehama na jina limehama naye, maana kuna watoto wa Gahanga wanasoma huku kwa shangazi zao. Sasa hilo utalilipa na faranga ngapi?"

Nikamwuliza nifanye nini.

"Useme," akasema. "Pale pale. Wakiwa wote, baada ya umuganda. Na daftari ukiwa umelishika."

Mwenye lori akamwita kwa sauti, akiuliza kama magunia yatajishusha yenyewe. Vianney akapanda, akaendelea na kazi.

Kesho yake, Jumamosi ya mwisho ya Februari, saa tano na robo, nilisimama mbele ya ushirika. Usiku uliotangulia nilikuwa nimefungua daftari kwenye ukurasa wa Agosti, na pembeni, kwa wino mwingine ili ionekane imeongezwa baadaye, nikaandika kilichokosekana, na kwenye kurasa za Septemba vivyo hivyo. Nikausoma mstari huo kwa sauti. Kisha nikasoma wa Septemba: "Dereva amesema ikipumzika inanyanyua." Kisha ule wa ile Ijumaa ya mwisho wa Septemba: "Chujio limejaa silikoni. Pampu ya zamani ni nzima."

Vianney alikuwa amekuja. Alisimama nyuma kabisa, na alikuwa amemleta mke wake na yule mtoto, msichana mdogo mwenye sweta ya shule siku ya Jumamosi. Alimshika mabegani, akamgeuza anielekee, ili asikie vizuri.

Nilipomaliza, Mama Fifi akasema polepole, "Kumbe! Na ulikunywa pombe yake."

"Nilikunywa," nikasema.

"Ukamwambia umemsamehe."

"Nilimwambia."

"Yesu Maria!" akasema, na akaangalia pembeni, kama mtu aliyeona kitu kisichofaa kuonwa.

Mama Solange hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha! "Sisi tulisoma ulichoandika," akaniambia. "Hatukuwa na macho mengine ndani ya ile mashine. Tulikuwa na yako." Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa stoo.

Nilikuwa nimeleta kinywaji, kama desturi inavyotaka. Nilimmiminia Vianney kwa mikono miwili. Alikipokea kikombe, akakishika kidogo, akakirudisha kikiwa kimejaa.

"Siku nyingine, muzee," akasema. "Leo bado." Akamshika binti yake mkono, wakaondoka. Nikiwa nimesimama na kile kikombe nilimsikia mtoto anamuuliza baba yake kitu kwa sauti ndogo, na baba akamjibu, "Ndiyo, huyo ndiye."

Hajarudi kwenye trekta, ingawa Mama Solange alimwendea mwenyewe kumwomba. Sasa anaendesha Fuso la yule yule mwenye mihogo. Mimi bado ni mwanachama wa kawaida. Nalima kipande changu kwa jembe la mkono. Mchana mwingine napita karibu na stoo, nasikia fundi mwingine anagonga chuma ndani, nami napita njia.

Ndugu zangu, nawasihi. Hasa ninyi mliojifundisha kazi wenyewe, mnaoogopa kudharauliwa kama nilivyoogopa mimi. Umeweka kitu kisicho chake kwenye mashine ya watu? Kiseme siku hiyo hiyo! Dereva anakwambia alichosikia? Msikilize, yeye ndiye anayekaa juu yake kutwa nzima. Na usimruhusu mtu akuombe msamaha kwa jambo ambalo mkono wako unalijua. Ukishapokea msamaha usio wako, kurudi nyuma ni kugumu mno. Mimi nilirudi nikiwa nimechelewa, na kuna kikombe ambacho hadi leo hakijanywewa.

Nimewarudishia wanachama walichochanga. Nimemrudishia Vianney alichokatwa, na mishahara ya miezi mitatu. Nimelipa ukarabati wa pampu ya pili, na trekta la kukodi lililomalizia msimu. Pikipiki nimeiuza, na kingine nimekitoa kwenye kikundi chetu cha akiba. Kama ningefuata daftari langu mwenyewe ile Jumanne asubuhi, nikafungua na kusema nilichokiona, ingehitajika petroli ya kuoshea chujio na gasketi moja ya karatasi: faranga elfu tisa. Nilinyamaza, na kunyamaza kumenigharimu faranga milioni moja, laki nne na elfu thelathini na tano.